Shahidi Wangu Alikuwa Mtani

Asubuhi ile redio ya muuza kahawa ilipotangaza kwamba nchi yetu imevamiwa huko magharibi, mimi nilikuwa nanyoosha gurudumu la baiskeli ya mwalimu wa chuoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kibanda cha marehemu mjomba kilikuwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, na kazi hiyo alinifunza yeye. Unaipindua baiskeli, magurudumu juu, unazipiga spoki kwa ukucha, moja moja, huku unasikiliza. Iliyokaza hulia nyembamba. Iliyolegea hulia nzito. Mjomba alikuwa akisema macho yanadanganya, sikio halidanganyi, na mimi nilijaliwa sikio zuri, mpaka hata mafundi wakubwa walikuwa wakiniletea magurudumu yaliyowashinda.

Nayasema haya mwanzo kabisa kwa sababu leo ukinikuta barazani utanipigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, na kuna karatasi serikalini inayosema nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Wallahi sikuzaliwa hivi.

Nilikuwa nimepita mafunzo ya mgambo, kwa hiyo haukuisha mwezi jina langu likasomwa. Tulipakiwa kwenye lori, vijana wa mjini pamoja na vijana wa mashamba ya mkonge, tunaimba kama tunakwenda kuchukua mwali. Ubavuni mwangu alikaa kijana mrefu mwenye mikono iliyochanwachanwa na miiba ya mkonge. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mzigua, wa upande wa Pangani. Aliruka kama aliyeokota kitu.

"Ashukuriwe Mungu! Jamani, nimempata mtumwa wangu! Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha mtama, na mtama wenyewe ulikuwa na wadudu!"

"Mnyamwezi we," nikamjibu, "babu yako alishuka pwani na pembe ya ndovu kichwani, akaiona bahari akauliza nani kamwaga maji yote haya."

Lori zima lilicheka. Ndivyo nilivyojuana na Stefano. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa huku huku, shambani, upande wa Muheza. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Akikutukana nawe unamtukana. Akifa unamfanyia mzaha kaburini. Siku ya shida yeye ndiye wa kwanza kugonga mlango wako.

Huko mbele tulipangwa wanne kwenye mzinga mmoja mdogo, ule wa bomba lililosimamishwa kwa miguu miwili: koplo wetu, kijana mmoja wa Iringa, Stefano na mimi. Stefano alikuwa akinipa kombora, mimi nalitumbukiza kwenye mdomo wa bomba na kuinama. Hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio. Tulichana magome makavu ya mgomba, tukayasokota, tukayatia. Usiku masikio yalivuma, asubuhi yakafunguka. Tulidhani ndivyo mambo yalivyo.

Siku yenyewe tulikuwa katikati ya migomba, tumekwisha kuvuka mto. Saa nne hivi, jua zuri. Koplo alikuwa anapiga mswaki.

La kwanza lilianguka mbali.

La pili likaanguka nyuma yetu.

La tatu sikulisikia.

Nilijikuta nimelala chali, udongo umenijaa kinywani. Migomba ilikuwa inaanguka kimya kimya, mmoja baada ya mwingine. Stefano ameniinamia, mdomo wake unafunguka na kufungika. Nikamwambia aache mzaha, aseme. Akanionyesha kidole chake. Kilikuwa na damu ya sikio langu.

Koplo alikuwa amekaa, ameegemea mgomba, mswaki bado mkononi. Alikuwa amekwisha kufa.

Siku mbili sikusikia kitu. Ya tatu sikio la kulia lilirudi kidogo, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. La kushoto halikurudi tena. Ilinipasa niende kwa mganga wa kikosi, anitazame, aandike. Sikwenda. Kosa hilo ni langu na simtwishi mtu. Waliorudishwa nyuma bila kidonda cha kuonekana walikuwa wakiitwa wagonjwa wa woga, nami nikaona afadhali nife kuliko kurudi Ngamiani na jina hilo. Nikamwomba Stefano anifiche.

Akanificha miezi mitano. Tulipatana hivi: akinigonga bega mara moja, natumbukiza kombora. Mara mbili, nalala chini. Akinishika shingo, nakimbilia anakokimbilia yeye, siulizi. Majina yakisomwa asubuhi alinikanyaga mguu, nami nikaitika, "Nipo, afande!" Mkuu aliyeletwa mahali pa koplo hakujua kamwe. Katika daftari la kikosi nimeandikwa mzima kila siku, tangu siku ile mpaka tuliporudi.

Mara moja, karibu na daraja lililovunjwa, alinigonga mara mbili.

Sikuona sababu. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu.

Nikalala.

Majani yalikatika pale pale kilipokuwa kichwa changu. Yule kijana wa Iringa, mwenye masikio yake yote mawili, alibaki amesimama akitafuta risasi zinatoka wapi. Tulimfunika kwa turubai.

Basi tuliobaki wa wale wanne wa kwanza ni wawili, mimi na Stefano. Tulirudi Tanga na miili yetu mizima, watu wakatupokea kwa vigelegele. Vigelegele hivyo niliviona zaidi kuliko nilivyovisikia.

Kibandani nilipiga spoki, zikawa zote sauti moja. Nikajifunza kunyoosha gurudumu kwa vidole, taratibu, na wateja wengine wakahama. Nikamuoa Mwanahamisi, tukapata watoto, wakakua wakaondoka. Sikio la kulia likawa linafifia mwaka hadi mwaka, mpaka msikitini nikawa naenda kwa kumtazama jirani: nikimwona ametoka na kanzu, najua kumeadhiniwa.

Lakini lililoniuma si hilo. Nyumba zetu za Ngamiani mnazijua, ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa mwenzio. Mke wangu akitaka kuniambia neno la ndani, ilimbidi apaze sauti, na mtaa mzima ukalipata. Mwaka mmoja alipaza sauti akaniambia amegusa uvimbe kifuani na anaogopa. Kabla sijamjibu, jirani amekwisha kubisha hodi, amekuja kutoa pole. Niliuona uso wa Mwanahamisi. Uvimbe ulikuwa wa kawaida, ukatolewa, ukaisha, alhamdulillahi. Ila tangu siku ile ameacha kuniambia mambo yake. Ananiambia chakula tayari, ananiambia fulani amefariki, basi. Nimeishi na mwanamke huyu zaidi ya miaka arubaini na sijui analala akiwaza nini.

Mwaka juzi daktari alinipima, akaniandikia kwenye karatasi: sikio la kulia limebakiwa na kidogo. Kifaa kizuri kingelisaidia, lakini upesi, kabla hicho kidogo hakijaisha. Mtu aliyeumia vitani hupewa vifaa na matibabu na serikali. Ni kuthibitisha tu, akaandika, na akapiga mstari chini ya neno kuthibitisha.

Kuthibitisha! Daftari la kikosi linasema mzima. Daktari mwenyewe, kwa haki, hakuweza kuandika zaidi ya "kelele kubwa au umri". Mjomba aliyeyajua masikio yangu ya ujana yuko makaburini. Fomu ilikuwa na swali moja lililonikodolea macho: je, tatizo lilikuwapo kabla ya utumishi? Ofisini wakasema, leta mtu aliyekuwa nawe.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani.

Stefano alifika asubuhi na mapema, shati jeupe la kanisani, fimbo mkononi. Alikuwa amezeeka kunizidi. Ofisini tulipokewa na binti mdogo mwenye adabu zake, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akatuvutia viti. Mimi nilikuwa natetemeka. Naona aibu kusema, mtu niliyelala kwenye matope na maiti, natetemeka mbele ya meza. Stefano aliniona.

Yaliyosemwa pale niliyajua baadaye, kwake na kwa yule binti. Nayaandika kama walivyonieleza.

"Babu, huyu mzee unamfahamu?"

"Huyu? Si mtumwa wangu huyu! Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha mtama."

Binti akacheka. "Haya babu. Kabla ya vita alikuwa anasikia vizuri?"

"Asikie wapi! Mzigua huyu kazaliwa kiziwi. Mkunga alimwita atoke tumboni siku tatu, hasikii, mpaka wakaenda kumvuta."

Binti akacheka mpaka akaziba mdomo. Ofisa wa meza ya pili akacheka. Stefano akanigeukia, meno yote nje, ananipiga piga goti. Mimi sikusikia hata neno moja. Niliona watu wanacheka, nami nikacheka. Ndivyo tunavyoishi sisi tusiosikia: wenzio wakicheka unacheka, wakisikitika unatikisa kichwa. Nikacheka, nikaitikia kwa kichwa, naam, naam.

Kisha akasema ya kweli. Alisema kwa muda mrefu. Nilijua amefika kwenye migomba kwa jinsi alivyokishika kidole chake. Nilijua amefika kwa koplo. Alilia, mzee mzima, machozi yanalowesha shati la kanisani, na binti anaandika tu kila kitu. Binti alipotaka kumsomea aliyoyaandika, Stefano alimwambia, "Imetosha mwanangu, usinirudishe tena huko." Akaweka dole gumba. Mimi nikatia sahihi chini yake, penye maneno kwamba nimeyasikia maelezo ya shahidi na ninayakubali.

Tulitoka hapo tukala ugali kwa samaki, tukatukanana barabara nzima. Nilikuwa na furaha. Nilimwaza Mwanahamisi ananisemesha polepole, gizani, nami namjibu.

Barua ilikuja baada ya miezi minane. Mwanahamisi aliifungua, akaisoma kwanza peke yake, akakaa kitandani. Nikamwambia isome. Akaisoma kwa sauti ile yake ya kunifikia mimi, na bila shaka majirani pia: kwa mujibu wa shahidi wa mwombaji mwenyewe, mwombaji alizaliwa na ulemavu wa kusikia. Daktari hana hakika ya chanzo. Kumbukumbu za kikosi zinaonyesha alikuwa mzima. Maombi yamekataliwa.

"Shahidi gani?" nikauliza. "Shahidi wangu ni Stefano."

Akaniwekea kidole penye jina. Lilikuwa lake.

Astaghfirullah, usiku ule nilimdhania mabaya. Nilidhani amenunuliwa, nilidhani ana kisasi nisichokijua. Kulipokucha nikaenda ofisini. Yule binti aliponiona na barua mkononi, macho yalimjaa machozi. Akavuta karatasi akaniandikia: "Babu, nisamehe. Tunaamrishwa kuandika kila neno la shahidi. Nilijua ni utani. Nilidhani na wao huko juu watajua."

Ningemlaumu nini? Kaandika alichosikia. Huko juu nao walisoma walichoandikiwa. Sikupata wa kumkamata koo.

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akaandika: "Aje yeye mwenyewe, afute kauli, aape upya mbele ya ofisa. Kwa simu haikubaliki. Jumatatu ofisa yupo."

Nilipanda bodaboda mpaka shambani. Stefano alikuwa kitandani, miguu imevimba kama mito, pumzi inakuja kwa kubahatisha. Mjukuu wake wa kike akamsomea barua. Alipofika kwenye yale maneno, Stefano alijifunika shuka usoni. Halafu akanivuta kichwa, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia.

"Mwenzangu," akasema, "nimekuua."

Kwa miaka yote ile alikuwa hajaniita mwenzangu. Ingekuwa afadhali angenitukana.

"Hujaniua. Jumatatu utakuja?"

"Jumatatu nitakuja. Hata wanibebe kwa kitanda."

Alifariki Jumamosi, alfajiri.

Mazishini, jioni ile ile, niliitwa mbele. Mtani akiwapo, maiti haiteremshwi mpaka afanye yake, na watani wengine wote wa marehemu walikuwa wamekwisha kufa au wako mbali. Kijana angejilaza kaburini na kugoma kutoka. Kwa umri wangu nilisimama tu pembeni ya jeneza. Watu walinitazama, wengine wameshaanza kutabasamu, wanangoja. Watu wa mashamba yale walinijua, walijua mimi na Stefano tulikuwa tukitukanana namna gani. Nilitafuta tusi. Babu yake na bahari, pembe ya ndovu, nilikuwa nayo yote. Hayakuja.

"Stefano!" nikasema. "Inuka!"

Wakacheka. Niliyaona meno.

"Inuka, mtumwa we! Kesho kutwa unatakiwa ofisini, wewe mwenyewe, hawataki mwingine! Inuka ukawaambie kweli, ndipo urudi ulale!"

Wakacheka zaidi. Mjane wake alicheka huku analia, amejishika mbavu. Padri aligeuka pembeni, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nalipiga lile jeneza kwa kiganja, machozi yananitoka, nasema inuka, nakuomba inuka. Nilikuwa namwomba kweli. Si mzaha. Katika watu wote wale nilimwona Mwanahamisi peke yake amesimama kimya, mtandio mdomoni. Yeye ndiye aliyekuja kunishika mkono na kuniondoa, na nyuma yetu watu wakanipigia makofi.

Jumatatu nilikwenda ofisini peke yangu. Binti alinisomesha jibu la ofisa: maelezo ya shahidi aliyefariki hayabadilishwi, yanabaki kama alivyoyatoa. Naweza kuleta shahidi mwingine aliyekuwapo. Nikamshukuru. Nimerudi mara mbili tatu baada ya hapo, nimepeleka barua ya serikali ya mtaa, nimepeleka picha yangu ya mgambo. Wanapokea, wanagonga mhuri, wananiuliza shahidi.

Sikio la kulia lilizimika kabisa mwezi wa Ramadhani. Sikujua siku yenyewe. Niligundua kwa kuwa Mwanahamisi alikuwa anasema nami, mishipa ya shingo imemtoka, kisha akanyamaza katikati ya neno, akaketi. Hajapaza sauti tena. Ananiandikia kwenye daftari la shule: dawa, chai, mgeni amekuja. Nimempa kalamu nikamwambia aandike na mengine. Amesema, kwa kichwa, ataandika.

Vita ilinichukulia sikio moja siku ile ya migomba, na la pili ikalichukua kidogo kidogo kwa muda wa umri wangu. Waliokuwapo kuyashuhudia hayo wamezikwa wote. Nimejichunguza sana kama nina hasira na Stefano, maana baadhi ya watu wananiambia ninayo haki. Hasira sina. Miezi mitano niliiweka roho yangu kwenye kiganja chake, na hakunigonga vibaya hata mara moja. Pale mezani aliniona natetemeka, akataka kunichekesha.

Nami nikacheka.